Usiniambie Mwisho

Ukimtafuta yule fundi sofa kwa jina alilopewa na wazazi wake, utazunguka mtaa mzima mpaka soli ziishe. Ulizia Steringi. Hapo hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole: karakana yenye mlango wa bati la bluu, nje yake makochi yamevuliwa nguo yakabaki mbao na springi. Usitegemee salamu ya kueleweka, maana mdomoni ana misumari midogo ya kupigilia kitambaa, na anaongea nayo humohumo. Wateja wanaitikia "ndiyo, fundi", na nusu ya waliyoyakubali hawakuyasikia. Kuna mama mmoja mpaka leo ana kochi la rangi ya ugoro na hajui lilimfikaje.

Jina alijipa mwenyewe. Kila lilipomkuta jambo, iwe homa, shoti ya umeme au mbwa wa mteja, alijipangusa akasema, "Steringi hafi." Aliyewahi kukaa benchi moja na watu kuangalia picha za sinema anaijua sheria hiyo. Adui aje na jeshi lake, risasi zimiminwe, ghorofa liporomoke; steringi, yule shujaa wa picha, atatoka na mchubuko begani na shati lililochanika mahali pa kupendeza. Wanaokufa ni wale waliosimama karibu naye. Fundi wetu aliishi kwa sheria hiyo mpaka mvi zikamwota na presha ikamwingia, na bado alikuwa anatembea kama mtu anayejua kamera iko nyuma yake.

Ugonjwa wa picha aliupatia kazini. Enzi za ujana wake ukumbi wa sinema wa mji ule ulimwita akarabati viti, kwa sababu wahuni walikuwa wanavichana kwa wembe na kuchomoa sponji. Aliambiwa afanye kazi kabla picha hazijaanza. Yeye akawa anajichelewesha kwa makusudi. Taa zikizimwa, yumo uvunguni na nyundo yake, kichwa kimechomoza kati ya safu mbili kama kobe. Aliangalia picha nyingi kwa namna hiyo, amelala ubavu, shingo imepinda. Mwenye ukumbi akabaki anashangaa viti gani hivi visivyokwisha.

Na uvunguni humo ndimo alimopatia mke. Siku hiyo ilikuwa picha ya upelelezi: tajiri kauawa, kila aliyelala nyumba ile anashukiwa. Mara msichana wa safu ya mbele akamnong'oneza dada yake, kwa ule mnong'ono unaosikika mpaka kwa mkata tiketi, "Ni mpishi. Angalia anavyofuta kisu ambacho hakukitumia." Picha yenyewe bado mbichi kabisa. Steringi akavumilia, akavumilia, mpaka mwisho ukafika, na kweli akawa mpishi. Akatoka uvunguni na vumbi lake.

"Dada, wengine tulikuwa tunaangalia," akasema.

"Kutokea huko chini?" msichana akamuuliza. "Ulikuwa unaangalia picha au viatu vya watu?"

Jibu la hilo? Mpaka leo hajalipata, na wameshaoana, wamezaa binti, binti naye ameolewa mji mwingine.

Msichana yule alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo kazi zikaoana kabla ya wenyewe. Steringi akawa anaunda mifupa ya kochi, mkewe anashona ngozi: vitambaa, zipu, foronya za mito. Cherehani ikaingia karakanani, ikawekwa chini ya dirisha penye mwanga. Mtaa ukampa naye jina, Mtabiri, kwa sababu hakuna picha iliyowahi kumshinda. Wala hakuwa mganga. Alikuwa anaangalia tu, kwa lile jicho la mshonaji linaloona uzi mmoja ulioenda upande. "Kamera ikikaa kwenye kikombe," alikuwa anasema, "ujue kikombe hicho kina kazi." Wengine tunaona kikombe, tunawaza kiu.

Ikabidi ndoa iwekewe sheria. Tangu siku za mwanzo Steringi alimwambia, "Mengine yote sema. Mwisho usiniambie." Mtabiri akakubali. Lakini kukaa na neno mdomoni kulikuwa kunamwasha, akajitafutia njia yake: akishajua picha inavyokwisha, ananyanyuka, anakwenda jikoni kuinjika maji ya chai. Hasemi kitu. Sufuria ikigonga jiko tu, Steringi anajua mwenzake ameshafika na yeye bado yuko njiani. Hapo anaanza kutapatapa. "Umeshajua? Usiniambie. Lakini ni yule mwanasheria, si ndiyo? Hapana, usiniambie." Mtabiri anarudi na vikombe viwili, uso mkavu, anakaa upande wake wa kochi.

Steringi mwenyewe hajawahi kupatia hata siku moja. Alimshuku kila mtu. Vipi kama polisi ndiye muuaji? Vipi kama aliyekufa hakufa? Vipi kama hawa ndugu wawili ni mtu mmoja? Kuna picha alimshuku farasi. Na picha ikiisha, yeye haimwishii. Kesho yake karakanani anaanza kuigeuza upya, anampa adui huruma, anamfufua mama wa watu, anamwozesha huyu kwa yule. Mtabiri anashona huku anamwambia, "Mume, hao watu walishakufa. Waache wapumzike."

Vifo ndivyo alivyovipenda kuliko vyote, na usimfikirie vibaya. Alikuwa amevisomea. Mtu akikohoa mwanzoni mwa picha, mwishoni humwoni. Askari akitoa mfukoni picha ya mchumba wake, kwisha habari yake. Na anayesema "nikimaliza kazi hii moja napumzika", huyo hata kaburi limeshachimbwa. "Kwenye picha mtu hafi hivihivi," alimweleza mteja mmoja, misumari mdomoni. "Anapewa dalili, anapewa muziki, anapewa nafasi ya kusema neno. Sisi huku tunakufa tunatafuta soksi." Mteja wa watu alikuja kuulizia stuli.

Kifo chake yeye alishakipanga chote. Alikuwa mkubwa kwa umri, presha ni yake, kwa hiyo hakuona haja ya kujadili nani ataanza. Atafia karakanani, mchana mwanga ukiwa mzuri. Itaanguka nyundo kwanza, ndipo aanguke yeye. Mazikoni upepo utavuma kidogo, Mtabiri atasimama pembeni ya watu kwenye nguo nyeusi, hatalia kwa sauti. Chozi moja kila jicho, basi. Na haya alikuwa anamsimulia Mtabiri mwenyewe, anamwelekeza na mahali pa kusimama. "Ukilia sana utaharibu," anamwambia. Mtabiri anakata uzi kwa meno. "Nimesikia," anasema. "Chozi moja kila jicho."

Basi, mwaka huo Mtabiri akaanza kushika ubavu. Mara ashike akiinuka kwenye cherehani, mara ashike akiinama kufagia. Dada yake mkubwa, mwanamke asiyependa mambo ya kesho na keshokutwa, akaja akampeleka hospitali kubwa. Akapimwa, wakaambiwa warudi, wakarudi, akapimwa tena. Siku ya majibu Steringi alitaka kwenda nao, Mtabiri akamkatalia. "Malizia kochi la watu. Ni majibu tu, si maandamano."

Akalimalizia, akawahi nyumbani, akaweka picha. Mtabiri alirudi alasiri akamkuta katikati yake. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kochi, mkoba bado begani, akaangalia kidogo. Kwenye kioo cha runinga kulikuwa na mwanamume anafunga sanduku la safari na mwanamke yuko dirishani, amempa mgongo. Halafu Mtabiri akaenda jikoni. Sufuria ikagonga jiko.

Steringi akacheka mpaka akajipiga paja. "Wewe, hata kukaa hujakaa. Umeshajua?"

Kule jikoni bomba likafunguliwa, likafungwa. "Nimeshajua."

"Usiniambie."

"Hutaki kabisa?"

"Nikitaka nitakuomba mwenyewe. Usiniambie."

Mtabiri akaja na vikombe viwili, uso mkavu, akakaa. Picha ilipoisha ndipo Steringi alipokumbuka kuuliza ya hospitali. "Wamenipa dawa," mkewe akamwambia, na ilikuwa kweli, walimpa.

Sasa niambie, huyu msomi wa vikohozi, bingwa wa dalili, aliona nini miezi ile iliyofuata? Hakuona kitu. Mtabiri hakukohoa, basi yeye akajua mambo shwari. Gauni lilimpwaya, akalipunguza kwa cherehani yake, akasema ndiyo mtindo, mume akamsifu. Akashona foronya nyingi kuliko oda zilizokuwepo, akazikunja, akazipanga kabatini kwa rangi. Akawa anampigia binti yao simu hata akiwa hana la kumwambia. Na jioni, mbele ya picha, akaacha kunyanyuka. Anakaa mpaka jina la mwisho lipite, mikono mapajani. Steringi alilifurahia hilo. Alidhani picha za siku hizi zimekuwa ngumu, hata Mtabiri zinamshinda, na akatembea na kiburi hicho wiki nzima.

Jumanne moja Mtabiri alikuwa ametoka kununua uzi. Dada yake akaingia karakanani kuchukua mito aliyoiacha itiwe sponji mpya. Steringi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, anavuta kitambaa kwa mkono mmoja na kupigilia kwa mwingine.

"Shemeji, Ijumaa nitakuja mapema," dada akasema. "Wanataka awe ameshapokelewa wodini kabla ya mchana."

Steringi yeye aliambiwa Ijumaa Mtabiri anakwenda kukaa kwa dada yake kidogo, wakashone mapazia. Mkono ukasimama hewani na nyundo yake. Akaiweka chini. Akaanza kutoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akiipanga kwenye kiganja.

"Shemeji," dada akamwita kwa sauti ya chini. "Hukuambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Hukuambiwa." Dada akavuta stuli akakaa. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia hivyohivyo siku ileile, mlangoni kwa daktari. Nikamwambia mumeo lazima ajue. Kesho yake namuuliza, ananiambia wewe ndiye uliyemkataza."

"Mimi nimemkataza?"

"Eti ulimwambia usiambiwe mwisho. Nikajua mna mambo yenu."

Steringi akaiona siku ile yote: mkoba begani, sufuria, vikombe viwili. Akajiona alivyojipiga paja. Dada akawa anaendelea, anataja uvimbe, anataja daktari, na Steringi anamwona mdomo unavyocheza tu. Dada alipoondoka alisahau mito yake.

Siku ile Steringi alikasirika, tena vibaya. Alimkasirikia Mtabiri kwanza. Mtu mwenye akili zake timamu anachukuaje mchezo wa picha akauingiza kwenye jambo kama hili? Akamkasirikia shemeji. Hasira ilipokosa pa kwenda ikamrudia mwenyewe, na hapo ndipo ilipomuuma. Akajaribu kufanya lile analolijua. Akageuza picha. Vipi kama faili zilichanganywa, kuna mwanamke mwingine mwenye jina kama lake? Lakini akifika hapo anamwona huyo mwanamke mwingine, na mume wake, wamekaa kwenye kochi lao, na hawezi kuendelea. Vipi kama dawa ipo, imefichwa na mtu? Vipi kama daktari amekosea? Kila mlango aliofungua ulimrudisha palepale. Na sheria yake, ile aliyotembea nayo maisha yote, sasa aliisikia vizuri kwa mara ya kwanza. Wanaokufa ni wale waliosimama karibu naye.

Jumatano haikusemwa kitu. Alhamisi haikusemwa kitu mpaka jua likaegemea. Sebule yao ni ndogo: runinga juu ya kabati, mkeka, na kochi ambalo springi yake moja ya katikati ilishakufa. Wateja wakija hawaamini kwamba hilo ndilo kochi la fundi sofa, lakini mganga hajigangi. Steringi akaweka picha. Hakuichagua, alichomeka tu iliyokuwa karibu. Kukawa na treni, kukawa na mwanamke mwenye kofia. Mtabiri amekaa upande wake, mikono mapajani. Steringi akachukua rimoti, akazima.

"Mbona umezima? Ndiyo kwanza treni inaondoka."

"Sheria nimeifuta," Steringi akasema.

"Sheria gani?"

"Niambie mwisho."

Mtabiri akamtazama. Halafu akatazama kioo cheusi cha runinga, na wote wawili walikuwa wamo ndani yake, wadogo, wamekaa na nafasi katikati.

"Dada alikuja karakanani," akasema.

"Alikuja. Lakini yeye sikumsikiliza. Niambie wewe."

Mtabiri akamwambia. Alimwambia kwa sauti ileile anayomwelezea mteja kwa nini kitambaa hakitoshi. Uvimbe uko kwenye kongosho, na umeshashika ini. Kesho watafungua waone wanaweza kutoa kiasi gani, na inawezekana wakafungua, wakaangalia, wakafunga. Alimuuliza daktari muda. "Hakusema miaka, hakusema miezi. Alisema tutajitahidi, mama, akaanza kuangalia kalamu yake. Nikajua kalamu hiyo ina kazi."

"Vipi kama wamechanganya faili?"

"Niliangalia. Jina ni langu, umri ni wangu, na herufi moja wamekosea, kwa hiyo ni langu kabisa."

"Vipi kama mashine ni mbovu?"

"Walipiga mara mbili. Mashine mbili."

"Vipi kama hii ni ndoto? Mimi nimesinzia hapa, picha inaendelea, sasa hivi utanipiga kiwiko."

"Ya ndoto hapana," Mtabiri akasema. "Mwandishi akishindwa ndiyo anaamsha watu."

Wakacheka. Walicheka kweli, mpaka Mtabiri akajishika ubavu, na Steringi alipouona ule mkono ubavuni kicheko kikakatika. Akalia. Yule aliyepangia watu machozi ya kiasi akalia kwa kamasi na mabega, uso ameuficha kwenye mto alioujaza mwenyewe. Mtabiri akamwacha. Akamwekea mkono mgongoni, akamwacha amalize.

"Ilitakiwa iwe mimi," Steringi akasema alipoweza.

"Najua. Nimeisikia picha hiyo mara nyingi. Nyundo inaanguka, upepo, mimi na nguo nyeusi." Mtabiri hakuwa anatania tena. "Miaka yote hiyo ulinipa mimi kazi ya kubaki. Hujawahi kuniuliza kama naiweza."

Steringi akauweka mto mapajani.

"Nilikuwa siiwezi," Mtabiri akasema. "Ulikuwa unasimulia, mimi nakata uzi, naomba moyoni nianze mimi. Basi nimekubaliwa. Na siku ile nilipotoka kwa daktari, njia nzima sikujihurumia mimi, nilikuonea huruma wewe, mume wangu. Nilijua ile kazi nimekuachia."

"Siiwezi hata mimi."

"Hakuna anayeiweza. Utaifanya hivyohivyo."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Steringi akafuta uso kwa kiganja, akauliza lile lililokuwa linamkereketa tangu Jumanne. "Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Ulisema ukitaka utaniomba mwenyewe."

"Nilikuwa nasema picha."

"Nilijua unasema picha. Lakini nilikuwa nimechoka, na mlango ukaufunga wewe, nikashukuru. Nikasema moyoni, akae na amani yake leo tu. Halafu ile leo ikawa inaongezeka." Akanyoosha gauni magotini. "Ila nilikuwa nasubiri. Kila jioni nilikaa hapa sinyanyuki, nikisema labda leo ataniuliza, mbona siku hizi hunyanyuki."

Katika yote aliyoyasikia jioni ile, kongosho, ini, kalamu ya daktari, hilo ndilo lililomvunja. Alimkumbuka mke wake kama mtu aliye mbali, na mke wake amekaa hapo hapo, goti limegusana na lake. Aliitamani miezi ile yote irudi aiangalie tena, polepole, kwa jicho la mshonaji. Angemwona. Hata yeye angemwona.

"Unaogopa?" akamuuliza.

"Naogopa sana," Mtabiri akasema. "Lakini leo tunaogopa wawili."

Hawakuiwasha tena ile picha. Walikaa mpaka giza likaingia sebuleni, na hakuna aliyenyanyuka kuwasha taa.

Ijumaa Mtabiri aliamka akafua. Steringi alipomwambia aache, akajibiwa kwamba hakuna mtu anayekwenda kupasuliwa huku ameacha tenga limejaa. Akaanika, akapanga vibanio, akafunga mkoba. Dada alipofika akamkuta Steringi amevaa shati la pasi, mlango wa bati la bluu ameufungia kufuli mchana kweupe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Mama wa kochi la rangi ya ugoro akauliza kulikoni. Steringi akamwambia, "Nampeleka mke wangu hospitali," kwa maneno yanayosikika yote, kwa sababu mdomoni hakuwa na kitu.

Hospitalini kuna ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo. Muuguzi akatoka na karatasi, akamwita mgonjwa, akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Dada alikuwa ameshafungua mdomo.

"Mimi," Steringi akasema. "Mume wake."

"Baba, wewe unaishia hapa. Mgonjwa anaingia peke yake."

Mtabiri akampa mkoba na pete na saa yake. Akatembea kuelekea mlango wa vioo vyenye ukungu, na Steringi akamwangalia mgongo. Alijua sehemu hii. Kwenye picha, anayekwenda akifika mlangoni husimama, hugeuka, na hapo ndipo husemwa lile neno ambalo watu hutoka nalo ukumbini. Akajikuta analisubiri.

Mtabiri akafika mlangoni, akasimama, akageuka.

"Nguo ulianua?" akauliza. "Mawingu yale sikuyapenda."

"Nilianua," Steringi akasema.

Hakuanua. Mlango ukajifunga taratibu na ukungu wake, na alichokiona mara ya mwisho ni kisigino cha ndara. Akakaa. Dada akamwambia hii ni kazi ya saa nyingi, aende nyumbani akajinyooshe, yeye yupo, akiitwa mtu ataitika yeye. Steringi akatikisa kichwa. Mara mvua ikaanza juu ya bati la ukumbi, kwanza kidogo, halafu yote, mpaka watu wakawa hawasikilizani. Nyumbani kambani kulikuwa na gauni la Mtabiri, shuka zao, na mashati yake mawili, vyote vinalowa upya. Akaukumbatia mkoba mapajani. Alijitafuta, akakuta hana hata "vipi kama" moja. Alichokuwa anakitaka ni mlango ule ufunguliwe, atoke mtu, amgombeze kwa sababu ya nguo.